Kidonge cha zamani bado hakijatufikia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa mpya za ugonjwa wa Alzheimer nimesomewa na mjukuu wangu. Yeye ndiye anayeniandikia barua hii, maana mwandiko wangu siku hizi ni wa sisimizi: naanza mstari vizuri, nikifika katikati herufi zimenywea hazisomeki. Mimi nina Parkinson, ugonjwa unaokakamaza mwili na kuufanya mzito kusogea, si Alzheimer inayofuta kumbukumbu, lakini yote mawili yanaua chembe za ubongo kidogo kidogo.

Hiyo lecanemab mliyoisifia iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Katika majaribio ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa akili kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Si haba. Ila mgonjwa mwanzoni anatundikiwa dripu kila baada ya wiki mbili, tena apigwe picha za MRI kuangalia kama ubongo haujavimba au kuvuja damu. Huku wilayani Hai, Kilimanjaro, nani ataimudu?

Dawa yangu mimi ni kongwe. Levodopa ilidungwa wagonjwa wa Vienna mwaka 1961, na mwaka 1967 daktari Cotzias, kule Marekani, akaeleza jinsi dozi kubwa za kumeza zilivyowanyanyua watu waliokuwa wamekakamaa. Leo huchanganywa na dawa nyingine, kabidopa, ili isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Wala kuugundua ugonjwa hakuhitaji mitambo. Mimi nilitibiwa baridi yabisi ya bega muda mrefu, na mashemeji wakishasema nimerogwa, hadi daktari mmoja aliponiambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha nitembee ukumbini. Akaona mkono wa kushoto haupungi. Damu hakutoa hata tone.

Ndipo nikaelewa kwa nini uzi ulikuwa unakataa kuingia kwenye sindano, mimi niliyeshona sare za shule nusu ya Bomang'ombe.

Kidonge kina masharti yake. Nameza saa kumi na mbili asubuhi, uji wa maziwa unasubiri hadi saa moja. Nikila nyama au maharage karibu nacho hakishiki, kwa sababu protini inagombea njia ileile na dawa. Kikishika, nafunga vifungo mwenyewe na cherehani nakanyaga. Kikikosekana, mke wangu ndiye anayenigeuza kitandani. Na kukosekana ndiyo habari yenyewe: dirisha la dawa hospitalini naambiwa imeisha, nijaribu maduka ya mjini, na huko kuna siku wanayo na siku hawana.

Jirani aliniletea mbegu za upupu, akasema wazee walizijua. Hakukosea sana. Zina levodopa kweli, na utafiti wa Bolivia uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa 18 unga wake, ukawasaidia. Lakini upupu haujui miligramu. Mbegu za shamba hili na za shamba lile hazilingani nguvu, na mimi tayari namezeshwa vidonge, nani atanipimia? Nilimshukuru, nikaziweka kando.

Watafiti waliwahi kupita vijiji vya wilaya yetu hii nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wengi wa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ina maana wanasayansi wa nje wamejifunza kwetu, nasi tunabaki kuulizana dawa iko duka gani.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika tena juu ya magonjwa haya, Marekani iacheni kwanza. Mtumeni mwandishi apige simu hospitali za wilaya, moja baada ya nyingine, aulize swali moja tu: levodopa mnayo leo? Majibu myachape kama yalivyo, pamoja na majina ya wilaya. Toleo hilo nitalinunua mwenyewe.

Fundi cherehani mstaafu,
Bomang'ombe, Hai