Barua kwa Binti Yangu, Meneja wa Miradi: Anza na Miradi Iliyokwama

Langoni, Lamu

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu sana. Ama baad, umeniarifu kwamba umekabidhiwa mradi wa maji huko Nairobi, ukaniuliza usome nini ili uimudu kazi hiyo. Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi, wa serikali na wa watu binafsi, na ushauri wangu ni huu: anza na maandishi yanayoeleza kwa nini miradi hukwama, ndipo uiendee miongozo inayofundisha jinsi inavyopaswa kuendeshwa. Wengi hufanya kinyume, wakapata cheti kabla ya kupata shaka.

Cha kwanza ni The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks, kilichotoka mwaka 1975. Brooks aliongoza kazi ya kuunda mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 za IBM, na hoja yake mashuhuri ni kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Usidhani hayo ni ya watu wa kompyuta peke yao. Wageni huhitaji kufundishwa, na watakaowafundisha ni wale wale waliokwisha kuzidiwa. Tena mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko watu, maana watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, ilhali watu 10 wana jozi 45. Kazi inayogawanyika bila watu kusemezana, kama kuchimba mtaro, huharakishwa kweli na mikono mingi, na Brooks halikatai hilo. Kwa hiyo mkubwa wako akikuamuru uongeze watu ili tarehe isipite, muulize kwanza ni kazi ya aina gani.

Cha pili ni How Big Things Get Done, cha Bent Flyvbjerg na Dan Gardner, cha mwaka 2023. Flyvbjerg amekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000, akakuta kwamba ni asilimia 8.5 tu iliyomalizika ndani ya bajeti na ndani ya muda. Jumba la michezo ya opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959 kabla michoro haijakamilika, likatarajiwa kwisha mwaka 1963, likafunguliwa mwaka 1973, na gharama ikapanda kutoka dola za Australia milioni 7 hadi milioni 102. Dawa anayoitoa ni nyepesi kuieleza na ngumu kuimeza: usikadirie muda kwa kuutazama mradi wako peke yake, bali tafuta miradi ya aina hiyo iliyokwisha kujengwa, uone ilichukua muda gani hasa, uanzie hapo. Isome sehemu hiyo ukiwa na ratiba yako mezani.

La tatu si kitabu, wala sijaona mwalimu wa fani yenu akilipendekeza: soma hukumu za mahakama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa huku kwetu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Mwaka uliofuata, jopo la kitaifa linaloamua migogoro ya mazingira lilibatilisha leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vitabu vya wageni huwaita watu hawa wadau, huwapa kisanduku kimoja katika mchoro, kisha husonga mbele. Katika hukumu utaona mkutano upi ulihesabiwa kuwa ushirikishwaji na upi ulikuwa wa kutambulishana tu, na kwa nini kuwapa watu taarifa kamili kabla ya kuamua ni kazi ya kuwekewa siku zake katika ratiba. Mradi wako utapitisha mabomba katika mashamba ya watu, kwa hiyo hukumu hizi zinakuhusu.

Miongozo nayo usiipuuze. Taasisi ya Project Management Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutoa mwongozo uitwao PMBOK. Toleo la sita la mwaka 2017 lina michakato 49, na la saba la mwaka 2021 limejengwa juu ya kanuni 12. Utumie kama kamusi, ufungue pale unapokwama. Mwongozo wa Scrum, yaani njia ya kuendesha kazi kwa vipindi vifupi vifupi, ni mfupi, unapatikana bure intanetini, na jioni moja inautosha.

Ukibakiwa na nafasi, soma The Checklist Manifesto cha daktari Atul Gawande, kinachoeleza orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwamo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Nakala yangu ya Brooks nitampa mjomba wako anayekuja Nairobi wiki ijayo. Usiipige mistari ya wino, kwani mdogo wako naye anaingoja.

Wasalaam,
Babako