Leseni ya fundi umeme isiishie bandarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee leseni zetu sisi mafundi umeme, kwamba zitambulike Zanzibar na nchi jirani pia, maana naona kila ikitajwa Afrika Mashariki wanaongelea mahindi na malori, fundi hayumo kabisa.

Kwa asiyejua, huku Bara kufunga umeme nyumba ya mtu kihalali lazima uwe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, unapewa daraja lako kuanzia D huko chini mpaka A kutegemea na kazi unazoruhusiwa kushika, na fomu ya kuomba umeme TANESCO bila muhuri wa mwenye leseni haiendi popote. Hapo sina ugomvi, tena ningependa wabane zaidi, vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, wamejaa mtaani, mtu anakuja na bisibisi na tochi anavuta waya mwembamba wa 1.5 wa taa anaupeleka kwenye soketi ya jiko, siku nyumba ikiungua tunaambiwa ni hitilafu ya umeme basi yameisha.

Shida inaanza ukitoka. Sheria ya EWURA ni ya Bara, Zanzibar wana mdhibiti wao ZURA na shirika lao la umeme ZECO, sawa ndo utaratibu. Lakini umeme wa Unguja si unatoka huku huku, kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, volti 230 zile zile, hezi 50 zile zile, soketi ya pini tatu ile ile. Mwenzangu mmoja wa Temeke alipata mchongo wa hoteli kule, fundi mzuri tu wa umeme wa njia tatu (three phase), mkandarasi akamwambia leseni yako ya Bara sisi haitusaidii, akaishia kuwa saidia fundi wa kijana ambaye kwa kweli yeye ndo alitakiwa amfundishe.

Ukivuka mpaka ndo kabisa. Kenya leseni zinatoka kwa mdhibiti wao EPRA na madaraja yao ni A1 mpaka C2, Uganda mdhibiti ni ERA, kila mtu na herufi zake, D ya kwangu nikimwonyesha mtu wa Nairobi haimwambii kitu. Na itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ipo tangu Julai 2010, imeandika kabisa nchi zitambuliane sifa za kitaaluma, na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walishasainiana makubaliano yao. Kwa hiyo injinia aliyechora anafikiriwa, anayepanda ngazi kuvuta waya hana habari.

Najua kuna watakaosema tukifungua wageni watatumaliza, na upepo wenyewe saizi ndo huo, mwaka 2025 serikali ilizuia wageni biashara 15 ikiwemo kutengeneza simu. Hofu naielewa, mimi pia nina watoto wa kulisha. Ila kutambua leseni sio kumpa mtu kibali cha kazi, kibali kibaki na masharti yake kama kilivyo, mi naongelea ujuzi tu. Kanada kila jimbo lina utaratibu wake wa ufundi lakini wana mtihani wa pamoja unaitwa Red Seal, ukifaulu cheti chako kinatambulika jimbo lingine. Sisi tunashindwa nini?

Ninachoomba ni hivi, fundi mwenye leseni hai akienda upande mwingine apimwe yale yanayotofautiana tu, kanuni za pale, fomu za pale, shirika la pale linataka erthi ipimweje. Sio unianzishie moja unipime kama najua kufunga swichi ya tuwei, ile ya kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili. Alafu namba za leseni ziwe zinahakikiwa pande zote, na aliyefungiwa huku ajulikane na kule, maana ilivyo sasa fundi aliyeharibu Dar anaweza kwenda kuanza upya sehemu ambayo hawamjui, na hilo ndo linanitisha kuliko ushindani.

Waanze EWURA na ZURA, hao hawahitaji mkutano wa marais, Nairobi na Kampala watafuata. Na kwenye ada watuangalie, tusije tukalipia leseni mbili kwa kazi ile ile.

Fundi umeme,
Mbagala, Dar es Salaam