Nusu ya kidonge cha dukani si dawa ya mtoto

Mhariri,

Ichukue ile pakiti ya vidonge viwili vya kichwa inayouzwa kila kioski, uigeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Nyingi zina aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Mtu mzima kwa kawaida hazimdhuru. Lakini mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akikatiwa nusu, anaweza kupata ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra sana ila ukishika huweza kuua kwa siku chache.

Douglas Reye, mwanapatholojia (daktari mchunguzi wa maradhi) wa Sydney, Australia, aliueleza mwaka 1963 baada ya kuuona kwa watoto 21. Marekani ndiko uhusiano wake na aspirini ulikobainika. Mwaka wa 1979-80 pekee waliripotiwa watoto 555 huko. Wazazi wakaonywa, na 1986 onyo likawa lazima kwenye pakiti. Kati ya 1994 na 1997 hawakuzidi wawili kwa mwaka.

Ugonjwa huu hupiga pale mama anapoanza kupumua: homa imeshuka, vipele vinakauka. Halafu mtoto anatapika, anatapika tena, hata maji hayakai. Kisha analegea na kusinzia, au anakuwa mkali ghafla, anapiga mateke, hamtambui aliyembeba. Degedege na kupoteza fahamu hufuata. Wa chini ya miaka miwili huweza kuanza kwa kuharisha na kuhema mbiombio. Usisubiri macho yawe manjano, kwa kawaida hayawi, ingawa ini limeshajaa mafuta na halisafishi tena amonia, taka yenye sumu inayotengenezwa na mwili. Amonia ikipanda kwenye damu, ubongo huvimba.

Kosa tunalolihofia zaidi ni kudhani tumbo limechafuka tu, au ni malaria imerudi, na kumwongezea dawa ileile. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini sukari ya damu ipimwe papo hapo, maana ini hilo hushindwa kuitoa kwenda kwenye damu, nayo hushuka. Beba pakiti ya dawa uliyompa. Daktari aione kwa macho yake.

Homa ya mtoto itulizwe kwa parasetamoli peke yake, kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Angalia chupa kila mara, kwani ipo ya miligramu 250 katika mililita 5, na mililita zilezile za chupa hiyo ni dawa maradufu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Kuna pia vile vidonge vidogo vya miligramu 75 anavyomeza babu kwa ajili ya moyo. Udogo wake huwadanganya watu kwamba ni vya watoto. Ni aspirini vilevile. Uingereza haviruhusiwi kwa walio chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Watoto walioandikiwa aspirini na daktari, kwa mfano kwa homa ya rumatiki, wasikatishwe kiholela. Wakipata mafua au tetekuwanga, mzazi awasiliane na kliniki siku hiyohiyo.

Wafamasia wawili,
Mombasa