Shangazi, nilidanganya kuhusu safari yangu, sasa mdogo wangu anaifuata njia ileile

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, msomaji wako wa siku nyingi. Sijawahi kukuandikia kwa sababu mambo yangu mengi huyamaliza kimyakimya. Hili limenishinda, na ukimya wenyewe ndio ulioliharibu.

Mwaka jana nilisafiri peke yangu kwenda Ulaya kwa siku kumi na mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje. Nyumbani wote wanajua safari ilikwenda vizuri, picha wameziona: mimi ufukweni, mimi kwenye daraja la kale, mimi nacheka. Hiyo ya ufukweni niliipiga siku moja baada ya kulia kwenye ngazi za kituo cha polisi mpaka askari akatoka kuniletea maji.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilinunua tiketi mbili tofauti, moja ya kunifikisha mji wa kati na nyingine ya kwenda na kurudi kutoka hapo, maana kwa pamoja zilikuwa rahisi kuliko tiketi moja ya safari nzima. Sikujua kwamba ukinunua hivyo shirika la pili halina habari na la kwanza. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu, ya pili ikaondoka, na kwenye vitabu vyao nikawa abiria ambaye hakutokea. Kurudi kwangu nako kukafutwa palepale.

Fedha iliniuma lakini niliimeza. Kilichonivunja ni sanduku. Kibandiko chake kiliishia mji ule, kwa hiyo lilishushwa kwenye mkanda wa mizigo ng'ambo ya dirisha la uhamiaji, nami sikuwa na viza ya kuingia nchi ile. Nilikuwa mpita njia tu. Kijana wa dawatini alinyoosha kalamu kuelekea ukutani akaniambia, kwa upole kabisa, "Liko hapo nyuma." Hatua kama hamsini. Nilikaa usiku kucha nikiutazama ule ukuta. Sanduku lilinifuata siku nne baadaye, gurudumu moja limeng'oka. Nimekuja kusoma kwamba kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Siku saba hizo mimi nilikuwa na msiba mwingine.

Kabla sijafika huko, unajua kinachochosha kuliko vyote ukiwa peke yako ugenini? Si kupotea njia. Ni choo. Hakuna wa kumwambia "nishikie begi". Unaingia na mizigo yako yote kwenye kijumba ambacho mlango wake haufungi ukiwa na mkoba mgongoni, unatoka hujui kama umeacha kitu. Nadhani hapo ndipo nilipopata tabia ya kupapasa mifuko kila baada ya dakika mbili.

Siku ya sita nikapapasa, pasipoti hakuna. Nilimwaga kila kitu kitandani, nikapekua hadi ndani ya soksi. Polisi waliniandikia karatasi ya upotevu, wakaniambia niende ubalozini. Ubalozi wetu uko mji mkuu, saa tano kwa treni. Nikienda kulipia, benki ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimeichomoa ili niweke ya kule. Basi nikasimama mbele ya mashine ya tiketi, foleni nyuma yangu, natoboa kile kitundu cha simu kwa pini ya hereni. Laini ikaanguka. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akapiga magoti kuitafuta kabla hata mimi sijainama. Tuliipata, ila namba ilipoingia ilikuwa imeshakwisha muda wake. Usiku ule nilimpigia rafiki yangu mmoja akanitumia fedha. Mpaka leo ndiye pekee anayejua.

Ubalozini walinisaidia haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa na ile karatasi ya polisi na picha ya pasipoti niliyojitumia kwa barua pepe kabla ya kuondoka. Wakanipa hati ya dharura, ya kunirudisha nyumbani tu.

Sasa sikia. Siku mbili baadaye nakunja koti langu, pindo la chini likagonga kiti: ko! Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka na pasipoti ilikuwa imeteleza ndani ya bitana mpaka chini kabisa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikadhani nimepona, kumbe ukishaitoa taarifa pasipoti hiyo imekufa. Hufutwa, na namba yake huingizwa kwenye kumbukumbu za Interpol za hati zilizopotea na kuibwa, zilizoanzishwa mwaka 2002, ambazo maofisa wa mipakani huzipekua. Ukiitoa dirishani unashukiwa wewe mwenyewe. Nikarudi kwa karatasi, pasipoti nzima ikiwa chini ya begi, tena kwa njia ndefu, maana si kila nchi ya kupitia inaipokea hati ya namna hiyo.

Siku zote hizo mama alikuwa akipiga simu. Nikiwa kwenye treni nilimwambia natembelea mji mkuu, na kweli nilikuwa naelekea huko. Hakutaka niende peke yangu tangu mwanzo. Tulirushiana maneno, nikamwambia mimi ni mtu mzima. Ningeanzaje kumwambia? Nilipanga nikirudi nitamsimulia tucheke. Nikamkuta ameshawaonyesha picha watu wote, anajisifu. Nikanyamaza.

Sasa tatizo, shangazi. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, anasafiri mwezi ujao peke yake. Mama, yuleyule aliyenikatalia, amempa baraka zote: "Dada yako alikwenda, nini kilimpata?" Na kijana amenakili safari yangu neno kwa neno. Hajalipa bado, lakini amechagua tiketi mbili tofauti, na mji wa kati ni uleule.

Nilijaribu kumshauri anunue tiketi moja. Akaniuliza, "Mbona wewe ulinunua mbili?" Nikakosa jibu. Nikamwambia asiweke fedha zake zote kwenye kadi moja na asiichomoe laini ya nyumbani bila kuzungumza na benki. Akacheka, akasema nimezeeka. Kila ninalotaka kumwonya, picha zangu zinanikanusha.

Rafiki yangu anasema nimweleze kijana peke yake nimwapishe. Lakini huyo hana kifua. Siku hiyohiyo mama atajua, na namfahamu mama, atamfutia safari. Mdogo wangu amejinyima mwaka mzima kwa ajili ya safari hii. Sitaki asiende, naomba unielewe hapo. Hata mimi, pamoja na yote, siku mbili za mwisho nilizifurahia kuliko likizo yoyote niliyowahi kupata, na sijui nitalisemaje hilo kwa mtu ambaye nimetoka kumsimulia habari ya ngazi za polisi. Nikianza na mabaya ataona nilidanganya kwenye picha. Nikianza na mazuri hatanisikiliza.

Na mimi mwenyewe sijasafiri tena. Kuna semina nimealikwa nje, miezi mitatu kutoka sasa, na tangu nipate barua ile nimeanza tena kupapasa mifuko, hata nikiwa ofisini. Watu wakisikia visa vya namna hii husema eti ndio raha ya kusafiri. Walale wao kwenye kiti cha chuma, ndipo tuzungumze.

Naomba unisaidie haya. Nimweleze nani kwanza, mama au mdogo wangu? Nikimweleza mama, nifanyeje asinigeuzie hasira zake kuwa katazo kwa mtoto? Na waliowahi kukwama ugenini peke yao, walirudije tena barabarani bila ule woga wa kujipekua?

Nijibu mapema shangazi, anasema ijumaa hii analipia. Jana amekuja kuniomba lile koti, kule kutakuwa na baridi. Nimemwambia nitampa nikishalifua. Mfuko bado sijaushona.

Ni mimi,
Dada Mkubwa