Usiitupe simu ya mama

Mkomani, Lamu

Kwako somo yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu. Kaskazi imeanza na bahari imetulia. Mama yako nilimpitia juzi baada ya alasiri. Hajambo, ila kikohozi cha usiku hakijamwacha. Ndiye aliyenieleza kwamba ile simu yake wataka itupwe, umchukulie mpya, ya kulipia kidogo kidogo kila siku. Nakuomba usifanye haraka, somo yangu. Nisikilize kwanza.

Ramadhani iliyopita, maagizo ya vileja na mikate ya sinia yakimiminika, simu yangu ilianza kuzimika ovyo. Nikaitazama mgongoni, nikaona kifuniko kimeinuka hata ukucha wapita. Betri imevimba. Nikavuka hadi Mokowe, ng'ambo bara, nikapanda basi mpaka Mombasa, siku nzima njiani na mfungo, hadi kwa wenyewe walioiuza. Kijana aliigeuzageuza tu. Hakuifungua. Akaniambia kuitengeneza ni karibu na bei ya mpya, bora ninunue. Nikarudi nayo vilevile.

Aliyeniokoa ni fundi wa hapa Usita wa Mui, mwenye kimeza kidogo mlangoni. Nilikaa kibarazani nikamtazama. Aliipasha kingo kwa upepo wa moto mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kipande cha plastiki chembamba, akazunguka nacho pole pole pande zote nne. Ndani, betri nayo imegandishwa kwa gundi, na betri iliyovimba ukiitoboa huwaka moto, kwa hiyo aliivuta kidogo, akapumzika, akaivuta tena. Karibu saa nzima, kwa jambo ambalo kwenye zile Nokia zetu tulilifanya kwa kidole gumba! Yako ilipotumbukia majini pale gatini, si uliivua mgongo, ukaanika betri na laini juani, na jioni ukanipigia? Basi alipomaliza, simu ikawaka vizuri, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba betri hii si halisi. Mpaka leo yapo. Nimeilipia taslimu, mkononi ni yangu, lakini kampuni iliyoiunda bado yaniuliza nani kaniruhusu kuifungua.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwako. Kitu ulichokinunua, kikiharibika, uwe na haki ya kukifungua, wewe au fundi wako. La sivyo umekodi.

Wazee wakisema barazani kwamba kampuni kubwa hutengeneza vitu makusudi visidumu, nilikuwa nikidhani ni maneno ya kupitisha jioni. Kumbe yana asili yake. Mwaka 1924 wenye viwanda vya balbu, wakiwamo Osram na Philips, walikutana Geneva wakapatana balbu isizidi saa 1,000, na kiwanda ambacho balbu zake zingedumu zaidi kitozwe faini. Karibuni zaidi, Desemba 2017, Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikizipunguza kasi iPhone za zamani ambazo betri zake zimechoka. Walisema ni kuzizuia zisizimike ghafla, na naamini, maana yangu ilikuwa ikizimika hivyo hivyo. Lakini wenye simu hawakuambiwa. Fikiria ni wangapi walikwenda kununua nyingine, na dawa ilikuwa betri tu! Baadaye waliomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29.

Usidhani nimeyachukia haya mambo. Kabla ya M-Pesa kuja mwaka 2007, unajua pesa za marehemu baba zilivyokuwa zikija: ndani ya bahasha, mkononi mwa utingo wa basi, nasi twangoja gatini hatujui kama zimefika zote. Leo mtu wa Faza aniagiza mikate na pesa zaingia kabla sijakanda unga. Neema hiyo siikatai hata siku moja. Na kwa sababu hiyo ile simu ya kulipia kila siku yaniogopesha. Ukikosa malipo, hufungwa kutoka mbali. Deni ni deni, sawa, mwenye mali ana haki yake. Lakini mama yako pesa ya dawa yaingia humo, na wewe mwenyewe kuna wiki kazi ya hoteli huko Malindi yalala. Wiki hiyo mbaya ndiyo simu itakayofungwa.

Tena hapa kwetu chumvi haisamehi. Umekulia kwa watu wa vyombo, wajua: chombo hupandishwa pwani, pamba kuukuu hutolewa kwenye maungio, hutiwa kalafati mpya, chini hupakwa deheni, kikarudi majini. Hakuna aliyekwenda kumwomba ruhusa aliyekiunda. Simu nayo inakaa kwenye upepo ule ule. Ile ya mama yako nilimpelekea fundi jana, akanionyesha chini ya kioo chake cha kukuzia: tundu la chaji limeota kutu ya kijani, na pini mbili zimeliwa. Betri haina neno. Ni tundu tu, na kipande chake anacho.

Wenzetu Ulaya wameliona hili wakalitungia sheria. Tangu mwisho wa 2024 simu mpya zinazouzwa kule lazima zitumie tundu moja la chaja, USB-C, na iPhone yenyewe ilihamia huko mwaka 2023. Sheria yao ya betri yataka, kuanzia 2027, betri za vifaa vya mkononi ziwe za kutoleka na mwenyewe, ingawa imeacha misamaha. Natamani na sisi tuidai, maana sisi ndio tulio mbali na maduka yao.

Basi mwache mama na yake. Ataka tu kuwaona wajukuu kwenye video na kupokea pesa, na hayo yote inayaweza. Hizo za kila siku ziweke kando, siku ikifa kweli ununue taslimu. Na kabla hujalipa, mtumie fundi jina la simu, umuulize mambo mawili: betri yake yapatikana, na kioo chake chapatikana? Akisema hapana, iache dukani.

Fundi aniambia Jumamosi itakuwa tayari. Nitampelekea mwenyewe, na usiku akupigie. Ukija Maulidi niletee hiliki, ya huku imepanda bei vibaya.

Wasalaam,
Somo yako, Mwanaidi