Msifute ritifaa katika majina yetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie wanaoagiza na wanaounda mifumo ya usajili, iwe ya shule, zahanati, vyama vya ushirika au serikali za kaunti. Fomu inayomkataa mtu aitwaye Ng'ang'a, Ndung'u au Ochieng' kwa madai kwamba jina lake lina "herufi isiyoruhusiwa", yaani ritifaa, alama hii ('), ni fomu iliyoundwa vibaya, na kasoro hiyo ina tiba inayojulikana tangu zamani.

Kanzidata nyingi, yaani hifadhi za taarifa za kompyuta, huendeshwa kwa lugha ya amri iitwayo SQL, na katika lugha hiyo maneno hufungiwa kati ya alama mbili zenye umbo lile lile la ritifaa yetu. Mwandishi wa programu akiliunganisha tu jina la kwenye fomu na amri yake, atapata jina = 'Ng'ang'a'. Kanzidata itadhani jina limeishia kwenye Ng, kisha itakutana na ang isiyojua ni amri gani, na shughuli yote itakwama. Kwa mkazi wa Murang'a, hata jina la kaunti yake latosha kuleta hitilafu hiyo.

Wengi huitatua kwa kuifuta alama yenyewe. Daftarini huingia Nganga ilhali kitambulisho kinasema Ng'ang'a, na siku kumbukumbu hizo mbili zinapolinganishwa, kompyuta huona watu wawili. Mwenye jina ndiye anayetumwa kwa wakili kutafuta hati ya kiapo kwamba yeye ni yule yule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, lakini atazirekebishia wapi ikiwa fomu ya marekebisho nayo haiitaki ritifaa?

Wengine hujaribu kuikinga. Kanuni ya SQL ni kuiandika ritifaa mara mbili, 'Ng''ang''a', na kanzidata huhifadhi moja tu. Programu ya kanzidata ya MySQL kwa kawaida hukubali pia itanguliwe na mkwaju wa kinyume (\), ila nyingine, PostgreSQL, tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, huuchukulia mkwaju huo kama herufi nyingine yoyote isipoelekezwa vinginevyo, hivyo programu iliyotegemea njia hiyo huharibika ikihamishwa. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nayo iliwahi kuwa na mtindo wa kujiongezea mikwaju hiyo yenyewe, hadi ulipoondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012. Kinga ikiwekwa mara mbili, risiti hutoka imeandikwa Ng\'ang\'a, na karani hukuuliza wewe kwa nini jina lako liko hivyo.

Njia iliyo salama ni kutokulichanganya jina na amri hata kidogo. Amri hutumwa ikiwa na nafasi wazi, na jina hutumwa kando, mithili ya barua iliyo ndani ya bahasha, ambayo tarishi huibeba bila kuisoma. Zana za kuunganisha programu na kanzidata, kama PDO ya PHP na JDBC ya lugha ya Java, zina uwezo huo, wala hauhitaji fedha za ziada.

Najua nitajibiwa kwamba ritifaa inazuiwa kwa ajili ya usalama. Ni kweli kwamba wahalifu hupenyeza amri zao kupitia ufa huo huo: mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilipoteza hivyo taarifa za wateja karibu 157,000, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Lakini kisanduku cha namba, ambacho katika SQL hakifungwi kwa alama zozote, chaweza kupenyezwa bila ritifaa hata moja. Anayeizuia amewasumbua kina Ndung'u na kumwachia mwizi mlango mwingine.

Limebaki jambo moja ambalo njia hiyo haiwezi kulitatua. Baadhi ya simu na programu za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, nazo kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, hata anayetafuta jina kwa moja asilipate lililohifadhiwa kwa nyingine. Mfumo uchague umbo moja na kuyageuza mengine yote kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Ombi langu kwa wanaolipia mifumo hii ni kwamba, kabla ya kutia saini ya kuipokea, waingize majina haya katika kila kisanduku cha jina, wayahifadhi, wayatafute na kuyachapisha. Jina Ochieng' lisikosekane, kwa kuwa ritifaa yake iko mwishoni kabisa, mahali ambapo programu zinazopunguza nafasi na alama za ziada huimeza bila kutoa taarifa yoyote.

Wako mwaminifu,
Mtunza kanzidata,
Nairobi