Kabla hamjatutoza ada ya redio na televisheni: barua ya wazi kwa Waziri wa Habari

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari,

Salaam kutoka Kigoma, mwisho wa reli.

Mimi ni fundi wa redio hapa Soko la Mwanga. Nabadilisha spika, nasafisha volyumu zilizoingia vumbi, naunga antena zilizovunjika na kuweka solda panapohitaji. Kazi hii ina faida moja ambayo watu wa ofisini hawaipati: redio ikija mezani kwangu, mshale wake unanionyesha mwenyewe alikuwa anasikiliza nini. Siku hizi mara nyingi hausemi kitu, maana mteja anataka sehemu ya flashi tu ifanye kazi. Stesheni hana haja nazo. Nikuombe uanze kulifikiria hilo, kwa sababu ninachokuandikia kinahusu fedha na imani, na mtu wa flashi amekwisha kutoa kura yake.

Sijasikia Serikali ikitangaza ada ya kumiliki redio au televisheni. Naandika mapema kwa kuwa naijua njia tozo zinakopitia. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mwaka 2022 bajeti ilikuja na pendekezo la kutoza ving'amuzi kati ya shilingi 1,000 na 3,000. Kwa hiyo siku atakapotokea mtaalamu wa kusema TBC, shirika letu la utangazaji la taifa, inahitaji chanzo chake cha mapato, chombo cha kukusanyia kimeshafungwa ukutani kwenye nyumba za watu. Na wapo tayari wanaosema, hata kwenye baraza letu la kahawa Ujiji, kwamba tuwaige Waingereza: wao wanalipia BBC, shirika lao la utangazaji, ndiyo maana haimwogopi mtu.

Ni nusu ya ukweli. Kuanzia Aprili 2025 kaya ya Uingereza yenye televisheni ilikuwa ikilipa pauni 174.50 kwa mwaka, zaidi ya laki tano za kwetu. Tajiri mwenye jumba na mlinzi wake wa getini wanalipa sawasawa. Asiyelipa anaweza kufikishwa mahakamani kama mhalifu, na faini inafika pauni 1,000. Wazee waliozidi miaka 75 walikuwa wamesamehewa; tangu Agosti 2020 msamaha umebaki kwa wale tu wanaopata msaada wa kipato. (Mwenye televisheni isiyo na rangi alikuwa akilipa pauni 58.50 mwaka huo wa 2025. Kama fundi, ningependa sana kukutana na wateja hao.) Ila kuna jambo moja waliliona mapema: anayesikiliza redio peke yake halipi chochote tangu mwaka 1971.

Mheshimiwa, ada hiyo imenigusa na mimi ambaye sijawahi kuilipa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na kwa miaka mingi ililipiwa na Serikali yao. Mwaka 2014 mzigo wa idhaa za dunia ukahamishiwa kwenye ada ya wananchi, na ingawa Serikali ilirudisha ruzuku baadaye, sehemu kubwa bado inatoka kwenye ada. Yaani bibi mstaafu wa Leeds, asiyejua hata "habari za asubuhi", amemlipia mvuvi wa Kibirizi taarifa ya habari ya jioni. Je, ni haki kwa bibi yule? Kwao wanalibishania kila mwaka, na hati ya kifalme inayoiongoza BBC inamaliza muda wake mwishoni mwa 2027, kwa hiyo watabishana zaidi.

Wala ada haijawapa malaika. Aprili 2023 mwenyekiti wa bodi ya BBC, Richard Sharp, alijiuzulu baada ya uchunguzi kuonyesha hakueleza wazi jinsi alivyohusika na mkopo wa Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati Sharp anapewa nafasi hiyo. Novemba 2025 mkurugenzi mkuu, Tim Davie, na mkuu wa habari, Deborah Turness, waling'atuka kwa sababu ya kipindi kilichokata na kuunganisha vibaya hotuba ya Donald Trump. Baadhi ya wasikilizaji wao wanasema BBC ni ya mrengo wa kushoto, wengine wanasema ni ya wakubwa. Lakini wakubwa walitoka ofisini, na sababu zilijulikana hadi huku Mwanga. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa baraza la kahawa: BBC haikupata heshima kwa kukata watu fedha. Imeipata, kiasi ilichonacho, kwa sababu anayelipa ana mahali pa kulalamikia na malalamiko yanaweza kumng'oa mkubwa. Afrika Kusini nao wana ada, randi 265 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya wanaotakiwa kuilipa hawailipi.

Sasa tuje kwetu. Watu wanazungumza kana kwamba leo TBC tunaipata bure. Hatuipati bure. Inapewa fungu la bajeti, na fungu hilo ni kodi kwenye sabuni, sukari, mafuta ya boti na vocha. Mama anayeanika dagaa Katonga ameshalipa ada ya utangazaji, isipokuwa hakupewa risiti. Kwa hiyo swali la haki lisisubiri tozo mpya, lipo mezani tangu zamani.

Nikupe mfano unaojulikana. Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja, na gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Mbunge wetu wa Kigoma Mjini wakati huo, Zitto Kabwe, alisimama kutaka jambo hilo lijadiliwe kwanza, na siku ile iliishia kwa polisi kuingia ukumbini. Mimi nilifanya hesabu ya fundi. Sensa ya 2012 ilituhesabu karibu milioni 45. Gawanya: haifiki shilingi 100 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Kwa shilingi hizo tukapewa badala yake kipindi cha usiku kilichorekodiwa, na mtu mwingine akatuchagulia nini kimesemwa bungeni na nini hakikusemwa. Mkoa huu ungechangishwa shilingi 100 kila mtu, naamini zingepatikana kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyetuuliza.

Na msidhani TBC haijui kazi. Mwaka 2010 ilizunguka majimboni ikiwakutanisha wagombea ubunge mbele ya wapiga kura, wa chama tawala na wa upinzani, kipaza sauti kimoja. Watu waliacha biashara kusikiliza. Baada ya uchaguzi mkataba wa mkurugenzi mkuu, Tido Mhando, haukuongezwa. Kila mtu alisema sababu yake. Mkurugenzi Mkuu wa TBC huteuliwa na Rais. Simtuhumu aliyeko sasa wala aliyepita, nasema tu kwamba mtu akijua barua ya kumwingiza na barua ya kumtoa zinaandikwa meza moja, hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote ili ajue habari ipi iende mwanzo na ipi isiende kabisa.

Labda utajiuliza kwa nini fundi wa Kigoma ang'ang'anie jambo hili. Mheshimiwa, sisi tuko mpakani. Mei 2015, wanajeshi walipojaribu kumpindua Rais Pierre Nkurunziza kule Burundi, mapigano yalikuwa makali kwenye redio ya taifa Bujumbura, na redio binafsi ziliharibiwa. Wiki zile watu walimiminika Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini, wakalala Uwanja wa Lake Tanganyika. Baadhi yao niliwatengenezea redio. Walikuwa wanazungusha mshale kutafuta mtu wa kuwaambia kama kwao kumetulia, na redio yao ya taifa hawakuitaka hata ilipoingia safi. Walikuwa na redio inayosema, wakakosa inayoaminika.

Ndiyo maana tumezoea kusikiliza za mbali. Lakini za mbali nazo zina wenyewe. Machi 2025 agizo la Rais wa Marekani liliisimamisha Sauti ya Amerika, redio ya Serikali yao, na Kiswahili chake kikanyamaza. Wateja wakaniletea redio nzima kabisa nizitengeneze. Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku yetu ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Vijana waliokuwa wakiniambia redio ni mambo ya wazee walikuja kuulizia betri. Siku kama zile ndizo shirika la umma linapoonyesha kama ni la umma. Watu walitaka kujua ndugu zao wa Mwanza, Arusha na Dar es Salaam wako salama, barabara ipi inapitika, nini kimetokea na wapi. Wewe unajua vizuri kuliko mimi walichosikia. Huku, mshale ulikuwa unazungushwa kutafuta Kiswahili cha kutoka nje ya nchi.

Msimamo wangu, ili usiseme nimelalamika tu: mimi nitalipa. Nikitakiwa kuchangia redio ya taifa kwa jina lake, kwa risiti, nitalipa na nitawashawishi wateja wangu walipe. Ila isipitie LUKU, kwa sababu nyumba nyingi za Katubuka na Gungu zina mita moja na wapangaji sita, na kodi ya majengo imeshatuonyesha nani huibeba: mpangaji anayenunua umeme, si mwenye nyumba. Mwenye redio tu asiguswe. Kiwango kifuate kipato, kama Ufini walivyofanya tangu 2013, badala ya kumlinganisha mvuvi na mkurugenzi. Na kabla ya senti ya kwanza, sauti ifike. FM haipindi mlima. Vijiji vya ufukweni huko Uvinza, ukishuka kuelekea Mahale, viko nyuma ya milima, na ni masafa ya kati yaliyokuwa yakiwafikia wazee wetu enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kumtoza mtu wa Kalya kwa matangazo yasiyomfikia hakuna jina zuri.

Juu ya yote, anayelipa awe na mkono kwenye uteuzi. Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu itangazwe, waombaji wahojiwe hadharani mbele ya kamati ya Bunge, na tuwaone. Bodi iwe na watu wa mikoani, wasikilizaji kabisa, siyo wastaafu wa wizara pekee. Muda wa mkataba usifuate kalenda ya uchaguzi. Najua haya yanahitaji sheria, na sheria zina safari ndefu.

Lipo moja lisilohitaji sheria mpya. Sheria ya uchaguzi inawapa wagombea urais haki ya kutumia redio na televisheni ya taifa wakati wa kampeni, kwa hiyo kupima muda si jambo geni. Chukueni matangazo ya TBC Taifa na TBC1 ya kampeni ya 2025, hesabuni dakika za taarifa ya habari alizopewa kila chama na kila mgombea, na dakika ambazo mtu wa chama fulani alisikika kwa sauti yake mwenyewe badala ya kusimuliwa na mtangazaji. Bandikeni hesabu hiyo kwenye mbao za matangazo za halmashauri zote, na hapa Kigoma nileteeni nakala moja, nitaibandika ukutani mwa kibanda changu. Wateja wakiisoma ndipo tuzungumze habari ya ada.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi redio,
Soko la Mwanga, Kigoma